Blanketi la Wifi Nusura Liniulie Mwanangu!

Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na moja. Nina mtoto mmoja wa kiume, na kwa sasa sina mume. Nayaandika haya nikiwa na hasira, siwafichi. Wapo wanaosema mtu asubiri moyo upoe ndipo asimulie yaliyomkuta. Wangu haujapoa, na sijui utapoa lini... basi nipokeeni hivyohivyo!

Nilizaliwa Newala, nikaja Dar kwa mama mdogo nikiwa msichana, nikaolewa na Shabani, dereva wa malori yanayokwenda Mbeya mpaka Tunduma. Mwanaume mpole, mcheshi, hana mkono mwepesi. Kasoro yake ilikuwa moja tu, na wakati wa uchumba sikuiona: akishasema dada yake, yeye hana la kusema.

Dada yake ndiye wifi Saumu, mkubwa wao. Tuliishi wote kwenye nyumba ya familia yao, Tandika. Mama mkwe chumba cha mbele, wifi na mizigo yake vyumba viwili vya katikati, mie na mume wangu chumba cha nyuma, jirani na choo. Wifi aliuza mitumba ya shuka na mablanketi palepale barazani. Belo likija linafunguliwa mlangoni, wanawake wa mtaa wanajazana, wanachambua, wanapiga soga, wanacheka. Na wa kuchekwa mara nyingi nilikuwa mie.

Kwa nini mie? Kwa sababu nilikuwa nauza utumbo! Alfajiri nipo Vingunguti, machinjioni, nachukua utumbo wangu, nausafisha, nauzungusha kwa mama lishe, alasiri narudi nyumbani na ndoo yangu tupu na kisu changu ndani. Kazi ya halali, wala sikuwahi kumwomba mtu chumvi. Lakini nikikanyaga barazani tu, wifi anaziba pua.

"Wifi, pitia uani bwana! Utanifukuzia wateja."

Wanaangua kicheko. Na mie napita uani, ikawa ndiyo njia yangu ya kila siku. Nilikuwaga mpole enzi hizo, sijui mtaniamini?

Kisha ikaja shughuli ya mdogo wao, Hadija. Mnajua wenyewe shughuli za Dar bila sare hazinogi. Wifi Saumu ndiye aliyepewa kazi ya kununua sare na kuzigawa: kitenge cha zambarau, maua ya njano makubwa makubwa. Kila mwanamke wa ukoo ule alipata, hadi majirani waliohamia juzi. Nilipomwendea na mie, akaninyooshea viganja vitupu.

"Wifi yangu, vitambaa vimeisha! Hata kipande cha kufutia kamasi hakikubaki."

Alilisema hilo mbele ya mama mkwe na mashangazi zake. Basi siku ya siku nikaenda na gauni langu la kijani. Wenzangu wote zambarau, mie kijani. Wake wa ukoo walipoitwa mbele kwenda kumtunza bi harusi, nikasita nyuma, na mama mmoja mgeni akanishika bega, akaniuliza kama mie ni wa jikoni, niwaletee sahani. Mama mkwe alisikia! Akageuza uso pembeni. Na mie... nikaenda nikaleta sahani.

Kikumbukeni hicho kitenge.

Sasa mwanangu. Anaitwa Faraji, maana nilimsubiri miaka. Tangu kuzaliwa hakuwa mtoto wa usingizi. Kidogo tu kashtuka, kidogo tu kalia, ukimlaza anainuka, ukimbembeleza anakutazama macho makavu. Nilimbeba, nilimwimbia, nilimpepea na kipande cha boksi umeme ukikatika. Kliniki waliniambia hana ugonjwa, watoto wengine ndivyo walivyo, atakua ataacha. Nikaridhika. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mie uchungu wangu ulikuwa mdogo tu, wa macho mekundu.

Ilipofika wakati wa kurudi kwenye utumbo wangu, ikawa nani atakaa naye? Nilitaka kumtafuta binti wa kunisaidia. Shabani akakataa kabisa. Kwao mtoto wa kaka ni mtoto wa shangazi, na shangazi yupo, tena yupo nyumbani kutwa. Nikimleta mtu baki si nitakuwa namtukana dada yake? Mama mkwe akaunga mkono. Nikasema haya.

Siku moja wifi alifungua belo la mablanketi, humo kikatokea kitu cha ajabu. Blanketi dogo la kijivu, kwa macho utasema la mtoto, ukilinyanyua mkono unashuka! Lilikuwa limeshonwa vijumba vijumba, na kila kijumba kina punje ndogondogo za kioo zinachezacheza ndani. Wateja walilishika, wakalitupa. Nani Dar anunue mzigo wa kujifunika na joto hili? Likabaki.

Shoga yake mmoja akaperuzi kwenye simu. Akamwambia Ulaya yanauzwa hayo kwa watu wasiolala, eti uzito ule unamfanya mtu ajione kakumbatiwa, anatulia, anapitiwa na usingizi. Jioni ile wifi akaja nalo kifuani, kalikumbatia kwa furaha.

"Wifi, dawa ya mwanao imepatikana! Imevuka bahari kumfuata yeye tu!"

Nililipokea, nikalipima mikononi. Nikamwambia, "Wifi, hili hata mie mwenyewe lingenilemea. Huyu hajatimiza hata miaka miwili. Akikosa pumzi atafanyaje? Na joto lote hili!"

Akabetua midomo. Akasema ndiyo shida ya kuoa Newala, unaletewa kitu cha wazungu unakionea ushamba. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele pembeni, akadakia bila kuinua kichwa kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na huyo mtoto namdekeza mwenyewe ndiyo maana halali.

Sikubishana na mkwe. Nilimgeukia wifi, nikamwambia kwa heshima zote, tena mama mkwe akisikia: "Nakuomba wifi yangu, mwanangu usimfunike hilo blanketi."

"Haya, mama mwenye mtoto, nimesikia," akasema.

Alisikia, wasomaji wenzangu! Masikio anayo!

Baada ya hapo mambo yakabadilika. Nikirudi alasiri nakuta Faraji kalala. Kesho yake kalala. Wifi anajigamba kwa wateja kwamba watoto wanataka mtu mwenye mkono, siyo kubembelezwa bembelezwa. Mie nikashukuru. Nilimletea hata utumbo laini, ule wa kuchagua, akaupokea huku kaziba pua.

Lakini mwanangu alianza kutoka vipele vya joto shingoni na mgongoni. Nikampaka poda. Halafu akawa na tabia mpya: nikitaka kumfunika shuka, hata shuka jepesi la kuzuia mbu, anapiga kelele, anajikunja, anasukuma kwa miguu yote miwili kama anafukuza kitu. Kabla ya hapo hakuwahi kuogopa shuka! Nikadhani ni meno. Nilimwambia Shabani kwenye simu, akacheka, akasema mtoto wake ni dume, hataki kufunikwa kama mwali.

Mtoto mdogo hana maneno. Alikuwa ananiambia kwa miguu.

Siku ya tukio utumbo uliniishia mapema. Umeme ulikuwa umekatika toka asubuhi, jua limesimama kichwani, mtaa mzima watu wametoka nje kutafuta upepo. Mama mkwe alikuwa msibani. Nikapita uani kama kawaida yangu, kule barazani nasikia vicheko, belo jipya limefunguliwa. Nikajua Faraji atakuwa kalala chumbani. Nikasukuma mlango taratibu nisimwamshe.

Dirisha limefungwa. Chumba chote moto. Na juu ya kitanda changu lipo lile blanketi la kijivu, limetandazwa, limekazwa, pembe zote nne zimefungwa kwa vitambaa kwenye chaga za kitanda! Na chini yake...

Chini yake mwanangu. Alikuwa ameteleza, blanketi limepanda mpaka juu ya pua. Nywele zimelowa. Midomo imekuwa ya rangi ambayo sitaki kuisema. Nilimwita. Nikamwita tena. Hakufungua jicho!

Nilivuta, halikutoka. Nikachukua kisu ndani ya ndoo, nikakata vile vitambaa, chwa, chwa, sikutazama ni vya nini wala vya rangi gani, ningetazama saa ngapi? Nikamnyakua mwanangu. Mwili unachoma, shingo imelegea. Sikupitia uani siku ile, wallahi! Nilipita barazani, katikati ya belo lao, nimekanyaga mashuka yao, nanuka utumbo, nalia kwa sauti. Wanawake wakatawanyika. Wifi Saumu akasimama, akashika mdomo. Macho yetu yalikutana, na nikaona anajua.

Kijana wa bajaji alikimbiza mpaka nikadhani tutapinduka. Njiani nilikuwa nampuliza mwanangu usoni, nasema maneno hata siyakumbuki. Kabla hatujafika akakohoa. Kikohozi kidogo tu, chembamba. Mpaka leo sijasikia sauti nzuri kuliko ile.

Hospitali walimpokea, wakamwekea hewa, wakamvua, wakampooza mwili kwa maji. Daktari alikuwa dada mdogo kwangu kiumri, lakini alinisema mpaka nikajikunyata. Akasema mtoto wa umri ule hafunikwi kitu kizito hata kwa dakika moja, kwa sababu hana nguvu ya kukitoa wala akili ya kuita, na kifua chake kinachoka kusukuma pumzi. Kufungwa ndiyo kabisa! Tena kwa joto la Dar! Akaniuliza, "Nani alimfunika?"

Kabla sijajibu, mlango ukafunguliwa. Mama mkwe kaingia, na nyuma yake wifi Saumu, kajitanda kanga, analia. Analia kuliko mie! Akajibu yeye: "Mama yake huyo, daktari! Nilimkataza!"

Jamani... mbele ya kitanda cha mwanangu!  

Alikuwa ameshapanga kila kitu njiani. Eti nililikataa blanketi mbele ya mama kwa kujifanya, kisha nikaenda kumwomba kisirisiri. Eti siku ile nilirudi mapema nimechoka, nataka kuoga na kupumzika, nikamlaza mtoto nikamfunika mwenyewe. Na nani kaniona nikirudi? Hakuna, maana mie, eti kama mjuavyo, napitaga uani!

Njia ya uani alinipa yeye, sasa anaitumia kunizika.

Nikapiga kelele kwamba mtoto alifungwa, blanketi lilikuwa na vitambaa pembe zote, nimevikata kwa kisu. Wifi akamtazama nesi kwa huruma. "Kachanganyikiwa masikini. Vitambaa gani? Nani kaviona?" Nikamuuliza blanketi liko wapi basi. Akasema kalitupa jalalani kwa uchungu, hataki kuliona.

Simu ikaita. Shabani, kutoka Mbeya. Dada yake kashampigia. Hakuniuliza naendeleaje. Hakuniuliza imekuwaje. Alisema hivi, na maneno yake nimeyashika mpaka leo: "Umemfanya nini mwanangu?"

Faraji alipona. Alilazwa siku chache, akarudiwa na rangi yake, akaanza kuwanyang'anya manesi kalamu. Mie ndiye niliyekuwa mgonjwa. Wodini wanaingia ndugu wa mume wanamsalimia mtoto, mie wananiruka. Mmoja akaniambia usoni kwamba mwanamke wa kushinda machinjioni moyo wake unakufa ganzi. 

Tuliporuhusiwa, nikakuta kikao kimeshaitwa. Shabani karudi safari, kaketi kwenye mkeka kainamia vidole vyake. Baba mdogo wao, Mzee Rajabu, ndiye msemaji. Nikawasalimia shikamoo, wakaitikia kwa mbali. Mzee Rajabu akanieleza kwa lugha laini, ile lugha laini inayochoma, kwamba wao hawana ugomvi na mie, ila wameona nimechoka. Niende kwetu Newala nikapumzike. Mtoto atabaki hapa na baba yake.

Nikauliza, baba yake yupo barabarani mwezi mzima, mtoto atabaki na nani?

"Na shangazi yake," akasema Mzee Rajabu.

Mnanielewa? Walikuwa wanamchukua mwanangu chini ya mikono yangu wamrudishe kwa mikono ileile iliyomfunga! Na nikiondoka, nani atasukuma ule mlango siku nyingine?

Nikamgeukia Shabani. Nikamwambia mume wangu, sema neno. Akasema bila kuniangalia, "Mama Faraji, nenda tu kwa sasa. Dada amelea watu."

Nilipiga magoti mbele ya mama mkwe. Nikamkumbusha kwamba alinisikia kwa masikio yake nikikataa lile blanketi. Akasema, "Nilisikia. Lakini ya chumbani kwako mie siyajui."

Basi. Nikaambiwa nikafungashe. Faraji nilikuwa nimembeba mgongoni, nikakataa kumshusha, nikaingia naye chumbani. Sanduku langu lilikuwa uvunguni. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono, nikalivuta, likanasa. Nikawasha tochi ya simu, nikainama zaidi.

Kwenye chaga ya upande wa ukutani, ile pembe ambayo mkono haufiki mpaka ulale kifudifudi, palikuwa na fundo. Kitambaa kimefungwa, kimekazwa, na ncha yake imekatwa kwa kisu. Pembe nyingine tatu wifi kafungua zote, hii hakuiona.

Kilikuwa cha zambarau. Katikati yake kuna nusu ya ua la njano.

Nilikaa sakafuni nikakitazama.  Vitambaa vimeisha? Hata cha kufutia kamasi hakuna? Cha kunivisha mie kilikosekana... cha kumfungia mwanangu kikapatikana!

Sikukigusa. Nilitoka nje hivyohivyo, nikasimama mlangoni pa sebule, nikasema, "Mama, naomba uje chumbani kwangu. Wewe tu. Uje na macho yako."

Wifi akaruka, "Anataka nini huyo? Si aondoke!" Nikamwambia nyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile nilimwambia wifi Saumu nyamaza, na akanyamaza.

Mama mkwe alikuja akiguna, magoti yanamuuma. Nikammulikia. Akainama, akalala kwa ubavu, mzee wa watu, akaingiza mkono.  Alilifungua lile fundo mwenyewe kwa vidole vyake. Alipotoka alikuwa na vumbi usoni na kile kitambaa kiganjani, na siku hiyo, Mungu si Athumani, alikuwa kavaa gauni lake la shughuli ya Hadija. Akakiweka juu ya paja lake. Ua likakutana na ua.

 Alitoka, akawapita wote sebuleni, akaingia vyumba vya wifi. Tukasikia mabelo yanavutwa. Wifi Saumu akaanza kusema kwa haraka kwamba vipande vya vitenge vilizagaa nyumba nzima, nimeokota mie, mie mwizi, mie mchawi.  Mama mkwe akarudi anaburuta lile blanketi la kijivu, lile lililotupwa jalalani! Akalibwaga katikati ya mkeka, puuu! Kila pembe ina kishikizo cha kitenge cha zambarau, kimeshonwa vizuri kwa cherehani, ncha zimekatwa kwa kisu. Na nyumba ile cherehani ni moja, wanaijua wote iko chumbani kwa nani.

"Saumu," mama yake akamwambia. "Huyu hata sare hukumpa. Vitambaa hivi kavitoa wapi?"

Wifi alitazama huku na huku. Kisha akalipuka: "Kwani nilifunga ili afe? Nilifunga lisidondoke! Kila nikimfunika analisukuma kwa miguu, kila nikimfunika analisukuma! Ningefanyaje? Wateja wananisubiri, mtoto halali!"

Analisukuma kwa miguu... Mwanangu wa mwaka mmoja na ushee alikuwa anapigania pumzi yake kila siku, na dawa aliyoipata ni kufungwa!

Nilimrukia na mtoto mgongoni. Sikatai, na wala sijuti. Niliambulia kanga yake na vidole vyangu vitano shavuni kwake kabla Mzee Rajabu na Shabani hawajanishika.

Mnadhani waliniomba radhi? Mzee Rajabu alipangusa jasho, akasema yaishe. Akasema Saumu kakosea, lakini nia yake ilikuwa njema, na mtoto si mzima huyo hapo? Yaishe, tusivunje ukoo kwa ajili ya blanketi.

Blanketi! Mie lile blanketi ningeweza kulisamehe, nawaambieni kweli. Ujinga unasameheka. Mtu kaona kitu kwenye simu, kadhani anajua, kakosea, aje alie na mie tulie wote. Lakini aliona midomo ya mwanangu, akaona naenda kufiwa, na jambo la kwanza lililomjia akilini ni kufungua mafundo yale na kunisingizia. Hilo nalisameheje? Nani anifundishe?

Shabani akanishika mkono. "Mama Faraji, dada hakukusudia. Tukae tulee mtoto."

Nikamwambia, "Shabani, mie ulinipigia toka Mbeya ukaniuliza nimemfanya nini mwanao. Dada yako yupo hapo mbele yako. Muulize."

Nilisubiri. Wote walisubiri, hata mama mkwe alimtazama. Akainamia vidole vyake.

Hakuuliza.

Nikachukua sanduku langu, Faraji palepale mgongoni. Mama mkwe alinifuata mpaka mlangoni, kashika ncha ya kanga yake, akasema, "Mwanangu, mie nilikusikia siku ile. Nilitakiwa niseme." Nikamwambia ni kweli, mama, ulitakiwa. Nikatokea mlango wa mbele, barazani, mchana kweupe.

Talaka niliidai mwenyewe, ikaja. Wakati wa kudai mtoto, mama mkwe ndiye aliyesimama kunisemea, hilo nampa haki yake. Sasa naishi Kigamboni, upande wa kuelekea Kimbiji, chumba kimoja chenye madirisha mawili. Nakaanga mihogo karibu na shule, Faraji yupo nami kutwa, anacheza na maganda.

Juzi juzi wifi Saumu alinitumia mzigo kupitia mtu. Nikafungua. Pande zima la kile kitenge cha zambarau, jipya, limekunjwa, hata lebo haijabanduliwa! Kumbe lilikuwepo siku zote. Aliyeleta akasema wifi yako anasema yaliyopita si ndwele, ushone uvae. Nikamwambia amjibu nimepokea. Kisha nikachukua kisu changu cha Vingunguti, nikalichana vipande. Navyo nadekia sakafu, na madoa yanatoka vizuri sana.

Wasomaji wenzangu, hasa nyie wamama wenye watoto wadogo, nawaomba. Mtoto asiyelala siyo aibu, siyo mkosi, wala siyo ugonjwa mpaka daktari aseme. Mpelekeni kliniki, muulize mpaka mjibiwe. Msimtwike mtoto mzigo eti alale! Si blanketi zito, si mito, si nguo zilizokunjwa. Kitu cha watu wa Ulaya kwenye baridi yao hakikutengenezwa kwa mtoto mdogo wa Tandika. Na ukisema hapana juu ya mwanao, usiiseme kwa heshima mpaka isisikike. Iseme wasikie hadi majirani. Mie niliisema kwa upole, na upole wangu nusura nimzike nao.

Na nyie wanaume, nyie mnaoinamia vidole... siku ya mkeo kusingiziwa, uliza swali moja tu kwa dada yako. Moja tu! Msingojee mpaka muulizwe na watoto wenu.

Faraji hana usingizi mpaka leo. Jana kanishtua mara sijui ngapi, analia, kalisukuma shuka kwa miguu mpaka limeanguka chini. Jirani kagonga ukuta, kauliza kwa hasira huyo mtoto atanyamaza lini.

Nikamjibu asinyamaze kabisa. Shuka nikaliacha palepale chini.